Chuo kikuu, VETA (vyuo vya ufundi stadi vya serikali) au niingie mtaani moja kwa moja? Maswali ninayoulizwa kila matokeo yakitoka

Mimi ni fundi friji na AC, nipo Dar, na kwa miaka mingi nimekuwa napokea vijana wa fildi na wa kujifunza kazi. Form four wakitoa matokeo simu inaanza, form six wakitoa inaanza tena, na maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeona niyaandike sehemu moja ili nikiulizwa natuma hii. Nimeandika kwa Tanzania bara zaidi. Zanzibar mambo ya ufundi yako chini ya Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, utaratibu wao ni tofauti kidogo.

Niende chuo, VETA au nifanye kitu ninachokipenda? Kipi bora?

Hakuna kinachoitwa bora mpaka useme unataka kazi gani. Mimi kijana akiniuliza hivi namrudishia swali moja tu: hiyo kazi ina geti au haina?

Kazi yenye geti ni ile ambayo hata ujue vipi, bila karatasi huruhusiwi kuifanya. Nesi, tabibu, mfamasia, rubani, mwalimu wa kuajiriwa serikalini, mhandisi anayetaka kusajiliwa, wakili (na hapa watu wengi hawajui kwamba ukimaliza degree ya sheria bado hujawa wakili, kuna Law School na mitihani yake inayotoa watu jasho). Hizi usipoteze muda kujiuliza kama chuo kina faida, chuo ndio njia yenyewe, hamna nyingine.

Kazi isiyo na geti ni ile ambayo mteja anaangalia ulichofanya. Fundi simu pale Aggrey Kariakoo, mtu wa saluni, mshonaji, mpishi wa shughuli, anayetengeneza video, dizaina, anayeandika programu za kompyuta, mfanyabiashara. Hajawahi kuja mteja akamwambia fundi simu nionyeshe cheti kwanza ndio nikupe simu yangu, anauliza bei na itachukua muda gani basi. Huku ukianza na mikono alafu karatasi ikafuata baadaye hujakosea chochote.

Alafu kuna kazi za katikati, ambazo mtaani unafanya bila kuulizwa ila ukitaka kupanda kuna sehemu unagonga geti. Umeme wa majumbani ni hivyo. Wiring unaweza kuijua vizuri kabisa lakini TANESCO hawaleti mita mpaka fomu isainiwe na mtu mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, na leseni zenyewe zina madaraja, A, B, C, D na W. Kwa hiyo unakuta fundi kavunja ukuta, kapitisha mabomba, kavuta waya nyumba nzima, mwishoni anampelekea mwenye leseni asaini na hela wanagawana. Mwenye leseni hajashika hata nyundo. Ukishaona hiyo mara kadhaa utaelewa kwa nini nakwambia angalia geti liko wapi kabla hujachagua.

VETA si ni ya waliofeli?

Hili swali huwa linaniudhi lakini nalijibu. VETA ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994 na kazi yake ni kufundisha ufundi stadi, sasa kwa kuwa mlango wake uko chini, anaweza kuingia hata aliyeishia darasa la saba, watu wakachukulia kwamba ni ya walioshindwa. Njoo nikuonyeshe tofauti kwenye kazi yangu mwenyewe.

AC haipoozi. Kijana ambaye amejifunza kwa kuangalia tu anachojua ni kimoja, kujaza gesi. Anafunga geji, anaona presha iko chini, anafungulia mtungi, AC inapooza, mteja anafurahi analipa. Miezi miwili mbele anapigiwa simu, haipoozi tena, anakuja anajaza tena. Sasa gesi ya AC haiishi kwa kutumika, inazunguka humo humo ndani ya mabomba miaka nenda rudi, ikipungua maana yake kuna mahali inavuja. Aliyefundishwa akafundishika haanzi na mtungi. Anachukua povu la sabuni anapaka kwenye maungio, kwenye nati, kwenye kona za bomba la shaba, anasubiri aone kipovu kinachokua. Anaziba. Alafu anafunga pampu ya vakyumu anavuta hewa na unyevu wote, anaiacha, anaangalia kama sindano ya geji inatulia au inarudi. Ikitulia ndio anaweka mtungi juu ya mzani na kujaza gramu zile zile zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mashine, si kwa kubahatisha. Huyo simu yake inaita kwa sababu mteja amempa jirani namba.

Na kuna hili la gesi zenyewe kubadilika. R22 iliyozoeleka inaondolewa duniani kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni, ni makubaliano ya Montreal, na AC mpya nyingi sasa zinakuja na R410A au R32, na R32 inashika moto. Fundi aliyekariri mkono bila kuelewa kwa nini, siku mashine ikibadilika anabaki anashangaa, au mbaya zaidi anachomelea bomba ambalo bado lina gesi ndani.

Ila nisiipambe VETA kupita kiasi. Wapo wanaokuja kwangu na cheti na hawajawahi kufungua kompresa hata moja, kwa sababu darasani mko wengi na vifaa havitoshi, anayeshika spana ni yule aliyesimama mbele. Kwa hiyo ukienda, simama mbele. Fildi nayo usiichukulie kama kipindi cha kwenda kununua chai ya mafundi.

Ada ikoje, maana nyumbani hali si nzuri?

Vyuo vya VETA vya serikali kwa kozi ndefu, kwa muda mrefu ada imekuwa sh 60,000 kwa mwaka ukiwa wa kutwa na sh 120,000 ukiwa wa bweni. Ni ndogo hivyo kwa sababu serikali inabeba sehemu kubwa, na sehemu ya hiyo hela inatokana na tozo ya kuendeleza ujuzi ambayo waajiri wanalipa. Lakini ada sio gharama yote. Kuna sare, buti, ovaroli, vifaa, nauli na kula, na kwa wa kutwa nauli ndiyo inayowarudisha watu nyumbani, ada huwa imeshalipwa. Hesabu daladala ngapi kwa siku uzidishe kwa mwezi ndio uje na jibu. Vyuo binafsi vya ufundi bei ni zao wenyewe, uliza kabla na ulizia kama mtihani umo au unalipwa pembeni.

Kingine watu wanakisahau, vyuo vya maendeleo ya wananchi, FDC. Viko zaidi ya 50 nchi nzima, vingi viko wilayani huko ambako VETA iko mbali, vilianza mwaka 1975 enzi za Mwalimu. Wanafundisha ushonaji, useremala, uashi, umeme, kilimo na mifugo, na vinapokea hata mabinti waliokatisha shule kwa sababu ya ujauzito, na mtoto anakuja naye.

Na ulizia mafunzo ya uanagenzi, serikali imekuwa ikilipia vijana kwenye vyuo mbalimbali kwa kama miezi sita hivi. Tangazo likitoka linapita haraka, kwa hiyo kuwa karibu na ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata au halmashauri yako.

Mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo ya wanafunzi) nitapata? Na deni lake linauma?

Kupata sijui, wanaangalia uhitaji wako na kozi unayoenda kusoma. Nachojua ni kwamba watu wanakosa kwa vitu vidogo: cheti cha kuzaliwa hakijahakikiwa RITA (wakala wa vizazi na vifo), mzazi amefariki ila cheti cha kifo hakijaambatanishwa, sahihi ya mdhamini haipo. Anza kuhangaika na hivyo kabla dirisha halijafunguliwa. Siku hizi na baadhi ya kozi za diploma nazo zimeingizwa, zamani ilikuwa zaidi kwa degree.

Kuhusu deni, ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara. Mshahara ukiwa laki saba, laki moja na elfu tano inaondoka kabla hujaiona, kila mwezi, mpaka deni liishe. Ile asilimia 6 ya kulinda thamani iliyokuwa inafanya deni lisishuke ilifutwa mwaka 2021, kwa hiyo sasa angalau unalipa ulichokopa. Kwa mtu anayesomea kazi yenye geti mimi naona ni deni la haki kabisa. Kwa mtu anayekwenda chuo kwa sababu wenzake wote wanaenda na bumu (hela ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo) litamweka mjini miaka mitatu, hapo ndio nakuwa na wasiwasi, maana bumu linaisha siku unapomaliza na deni linaanza.

Nimepata division four, au zero kabisa. Nimeisha?

Hujaisha. Tuanze na four: hesabu D ulizonazo bila masomo ya dini. Ukiwa na D nne kozi nyingi za cheti cha NTA 4 (ngazi ya kuanzia ya vyuo vya kati) unaingia, ila afya wana masharti yao, kemia, baiolojia na fizikia wanataka zionekane. Kutoka NTA 4 unapanda 5 mpaka 6 ambayo ndiyo diploma.

Zero, unaweza kurisiti kama kuna somo unajua kabisa ulianguka kwa sababu maalum, labda uliugua, au shule haikuwa na mwalimu wa somo hilo. Kurisiti masomo yote saba kwa kujisomea nyumbani huku unachunga duka la mjomba, mara nyingi nimeona matokeo yanarudi yale yale. VETA hawakuulizi division. Wengine wanakuwa na mtihani mdogo wa kuingia na usaili, wanataka kuona unasoma, unaandika na unahesabu.

Nikienda VETA ndio basi degree nimeiaga?

Hapana, na hili wazazi wengi hawalijui. Ngazi za VETA zinaitwa NVA, kuna 1, 2 na 3. Ukifika NVA 3 kozi nyingi za NTA 4 kwenye fani yako zinakupokea, unakwenda diploma, na ukiwa na diploma ya GPA kuanzia 3.0 unaomba degree. Kwenye masharti ya TCU, tume ya vyuo vikuu, kwa wanaotokea diploma, wanataka D nne za form four, lakini asiyefikisha D nne anaweza kutumia NVA 3 yake badala yake. Yaani kuna fundi wa kuchomelea aliyepata division zero ambaye leo anaweza kuwa darasani DIT au Arusha Technical au MUST pale Mbeya na hajadanganya mtu.

Ni njia ndefu, sikatai. Aliyepita form six anahitaji prinsipo mbili (masomo mawili aliyofaulu kwa ngazi kamili) zenye jumla ya pointi 4, D mbili tu zinatosha kama sharti la chini kwa kozi nyingi, na anaingia moja kwa moja. Wewe utatumia miaka mingi zaidi. Tofauti ni kwamba katikati ya hiyo miaka unaweza kusimama na kufanya kazi na kula, yeye akisimama katikati ana nusu degree, na nusu degree hailipwi.

Napenda kitu fulani lakini sijui kama ni kazi au ni hobi tu. Nitajuaje?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndio swali zuri kuliko yote na ndio linalojibiwa hovyo kuliko yote. Watu wanakwambia "fuata ndoto zako" wanakuacha hapo.

Unapenda kupika, mfano. Unapenda nini hasa? Kupika pilau la familia Jumapili huku muziki unapiga na watu wanakusifia? Nenda kakae jikoni kwenye hoteli au kwa mama lishe mwenye wateja, wiki nzima. Saa kumi alfajiri mama lishe ameshawasha mkaa na sufuria la maharage liko juu. Utamenya vitunguu ndoo nzima mpaka macho yakatae. Utasugua sufuria lililoungua. Saa saba mchana watu wanapanga foleni, mmoja anasema nyama ndogo, mwingine anataka kukopa, jasho linakutoka, na huwezi kukaa. Jioni mnahesabu hela, mnakuta mchele uliobaki ni wa hasara. Kama siku ya sita bado unawaza kesho tutabadilisha mboga tuweke ya nazi, mdogo wangu, wewe ni mpishi, katafute ada ya Chuo cha Taifa cha Utalii au VETA yoyote yenye hoteli. Kama siku ya pili ulikuwa unaangalia saa, wewe unapenda kula na kusifiwa kama sisi wengine, na hamna ubaya.

Hivyo hivyo kwa kila kitu. Unapenda magari, je unapenda kulala chini ya gari mafuta machafu yakikudondokea usoni? Unapenda kompyuta, au unapenda gemu? Unapenda mitindo, utaweza kukaa na cherehani unafumua mshono wa gauni la harusi usiku kwa sababu bibi harusi amenenepa? Ipende sehemu mbaya ya kazi, au angalau uivumilie bila kuchukia, sehemu nzuri kila mtu anaipenda.

Muziki na mpira sijavitaja kwa makusudi. Huko wanaofika ni wachache sana na wengi walianza wadogo, kwa hiyo fanya, lakini uwe na kazi nyingine mkononi. Kinyozi anaweza kuwa msanii jioni.

Fani gani ina soko sasa hivi?

Kila mwaka jibu linabadilika na ndio tatizo la swali lenyewe. Bomba la mafuta la kutoka Hoima mpaka Chongoleani Tanga, kilomita 1,443, lilipoanza kila kijana akataka kuchomelea. SGR ilipokuwa inajengwa, wakataka kuendesha mitambo. Mradi una mwisho, kozi ina miaka, ukianza kusoma leo kwa sababu ya mradi wa leo utamaliza watu wanakunja turubai. Waliofaidi ni wale waliokuwa tayari wanajua kuchomelea wakati mradi unatangazwa.

Mimi huwa naangalia kitu ambacho kinaharibika kila siku na watu hawawezi kukaa bila hicho. Friji, pampu ya maji, bodaboda, umeme, vyoo, simu. Na Dar kwenye joto la Desemba kila ofisi ina AC. Ila hiyo ni akili yangu ya kifundi, mtu wa benki atakwambia vingine.

Kwa wanaokwenda degree, nichague kozi ipi nisije nikasota?

Fanya kitu kimoja kabla hujabonyeza kuthibitisha. Ingia Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, usome matangazo ya zamani, soma kile kipengele cha sifa za mwombaji. Utaona wanataja majina ya kozi moja moja. Sasa angalia kozi yako inaitwaje. Kuna kozi zina majina marefu ya kuvutia, mchanganyiko wa hiki na kile, alafu kwenye tangazo hazitajwi, mfumo unakuchuja hata hujaonwa na mtu. Kitu cha pili, tafuta aliyemaliza kozi hiyo miaka miwili iliyopita, uliza yuko wapi sasa. Usimuulize aliyepo mwaka wa kwanza, huyo bado ana furaha ya bumu la kwanza, na usimuulize aliyediski (aliyeondolewa chuo kwa kufeli), ana hasira.

Naweza kujifunza kwa fundi mtaani bila chuo kabisa?

Unaweza, nchi hii imejengwa na hao. Nenda Keko uone makochi na vitanda vinavyotoka pale. Ila ukienda kwa fundi mkubaliane mapema mbele ya mzazi au mtu mzima: unajifunza muda gani, hela ya kula na nauli nani anatoa, ukianza kuzalisha unapata kiasi gani kwa kazi. Bila hivyo utakuwa saidia fundi wa kufagia na kutumwa vocha mwaka mzima. Fundi mzuri wa kujifunza kwake utamjua, yule aliyekuwa saidia kwake jana leo ana ofisi yake. Ukikuta fundi ana miaka mingi na hajawahi kutoa mtu, ondoka.

Na ukishakuwa fundi kweli, VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo. Wanakupima unavyofanya kazi, pale ulipo na mapungufu wanakufundisha kidogo, ukifaulu unapata cheti. Waashi, maseremala, mafundi magari, wapishi, wengi wamepita huko. Cheti hicho kinakusaidia siku kampuni inapotaka karatasi ili ikupe kazi.

Mimi ni msichana, nataka ufundi magari, nyumbani wanasema ni kazi ya wanaume.

Dada, kazi za nguvu gereji siku hizi zinafanywa na jeki na winchi. Magari yanayoingia sasa hivi tatizo kubwa ni umeme na sensa, unachomeka mashine ya kusoma kodi za hitilafu za gari, unafikiri. Kinachosumbua mabinti gerejini ni mazingira, na nitasema wazi: maneno machafu, mikono isiyo na adabu, choo hakuna. Kwa hiyo usichague gereji kwa kuwa iko karibu. Nenda na mama au kaka, angalia kama kuna mwanamke mwingine anafanya kazi pale, uliza sehemu ya kubadilishia nguo, uliza mnafunga saa ngapi. Mwenye gereji akicheka hayo maswali, umeshapata jibu lako.

Mimi ni mzazi. Mwanangu amefaulu form six anakataa chuo anataka akafanye dizaini. Nimlazimishe?

Shikamoo mama yangu. Usimlazimishe na usimwachie hivi hivi. Mwambie akuonyeshe kazi tatu alizolipwa, sio alizochora kwa kujifurahisha, alizolipwa, hata kama ni bango la kanisa la elfu kumi. Kama anazo, mpe mwaka, mnunulie kompyuta badala ya ada, lakini mkae kila mwezi aonyeshe alichoingiza. Kama hana hata moja basi aombe chuo huku anaendelea kuchora, na matokeo yake ya form six hayaozi, mwakani ataomba tu.

Ninachokuomba, usimwambie "mtoto wa fulani ameshamaliza degree". Yule mtoto wa fulani mara nyingi ndiye anayenipigia mimi simu usiku kuuliza kozi fupi za AC.

Nitajuaje chuo ni cha kweli?

Chuo kikuu angalia orodha ya TCU, vyuo vya kati na vya ufundi angalia NACTVET, baraza linalovisimamia. Usiishie kuona jina la chuo, angalia na kozi yenyewe, maana chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa na ile kozi wanayokuuzia haijapewa ithibati. Ukiona wanakwambia lipa leo nafasi zimebaki mbili, au hela inatumwa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, usilipe.

Mtaji wa vifaa nitatoa wapi nikimaliza?

Anza na begi dogo. Kwenye fani yangu huhitaji kila kitu siku ya kwanza, pampu ya vakyumu unaweza kukodi kwa mwenzako, ila mita nzuri ya umeme nunua yako, ile ya bei ya kutupa inasoma inavyojisikia na siku moja itakwambia waya hauna umeme wakati unao. Halmashauri zinatoa mikopo isiyo na riba kwenye ile asilimia 10 ya mapato yao, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, vijana mnaomba kwa kikundi kilichosajiliwa. Kikundi kiwe cha watu mnaojuana kazi, vikundi vya kuokotana njiani vinavunjika siku hela inaingia. SIDO, shirika la viwanda vidogo, nao wana mafunzo mafupi na ushauri kwa wanaotaka kusindika vyakula, sabuni na viwanda vidogo.

Nina degree, nina miaka 28, sijapata kazi. Ni aibu kwenda VETA?

Aibu ya nani? Kozi fupi za jioni zimejaa watu wa aina yako, wengine wanatoka kazini na mashati ya ofisi. Chukua kozi fupi ya kitu kimoja, miezi mitatu minne, na degree yako utaiona kazi yake baadaye, utaandika barua ya kuomba tenda vizuri, utatoa risiti, utajibu imeili ya mteja. Mafundi wengi tunakosa kazi kubwa kwa kushindwa hivyo vitu.

Kuna kitu gani nifanye wiki hii, kabla hata sijaamua?

Toa vyeti vyako vyote uweke mezani: cha kuzaliwa, cha darasa la saba kama unacho, cha form four, kitambulisho cha NIDA au namba yake. Soma majina herufi kwa herufi. Kama kimoja kinasema Mohamed na kingine Mohammed, au jina la babu limeruka, huko mbele mkopo, udahili na ajira vyote vitakwama hapo hapo. Kulirekebisha kuna kiapo, kuna hati ya kubadili jina, inategemea tofauti ni ipi, na linachukua muda. Nenda kaulize RITA au kwa wakili mapema, maana dirisha la maombi likifunguliwa foleni yake unaijua.